Orodha ya Bwawa

Wamelifungulia bwawa tangu juzi.
Maji yameshuka polepole, yakisitasita
kama mgeni aliyekwisha kuaga na bado anasimulia mlangoni.
Leo asubuhi limebaki tope, jeusi, la kumeta,
na nusu ya Madrid imejipanga kwenye reli ya chuma, inachungulia.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Wahenga hawakufika Retiro.
Hapa yanazoleka: pampu sita, wiki mbili,
na karatasi ya manispaa yenye mihuri.

Mimi ni karani. Kazi yangu orodha.
Bwana Eutimio ndiye anayeingia,
viatu vya mpira hadi mapajani,
yeye aliyekodisha mashua hapa miaka thelathini na mmoja:
dakika arubaini na tano, makasia mawili,
usisimame, na kama lazima ubusu, busu umeketi.

Naandika.
Viti vya mkahawa, kumi na tisa, miguu juu.
Miwani. Miwani. Miwani.
Kiatu kimoja cha bibi harusi.
Simu zilizokatika katikati ya neno.
Kasha la fedha, mlango wazi, tupu.
Kiti cha magurudumu —
hapo reli nzima ilinyamaza,
kila mtu akatunga kisa chake,
na kila mtu, nadhani, alitafuta kisa
ambacho mwenye kiti aliondoka kwa miguu.

Mfalme alicheza vita hapa, zamani.
Manowari za mbao, baruti bila risasi,
mabaharia wa kukodi wakifa kwa zamu
kisha wakifufuka kwa ajili ya supu.
Makofi yakapigwa.
Mbali huko, baharini, meli zake za kweli zilizama
bila makofi.
Akaja mfalme mwingine, akafungua lango kidogo:
raia, ingieni, ila muwe mmenawa,
mmechana nywele, mmevaa vinavyostahili.
Laiti angemwona Eutimio saa hii,
tope hadi kitovuni katikati ya bwawa la ukoo wake,
akipenga kamasi kwa kiganja.

Saa saba tulikula mkate wenye kimanda cha viazi.
Ndipo akaniambia, bila kunitazama:
Visitación, mke wangu, alisimama pale penye ngazi
mwaka ule nilipomkosea.
Akavutavuta kidole. Nikaona mkono unarusha.
Nikasikia chubwi.
Hatukulizungumza tena. Tukazeeka.
Mwezi wa pili, nilipokwisha kumzika,
nikafungua kopo lake la vifungo,
na pete imo, imeviringwa kitambaani, inang'aa.

Basi alitupa nini?

Sikuwa na safu ya swali kama hilo.
Orodha ina namba, kitu, hali.

Alasiri yote amechuja tope kwa vidole
kama mtu anayechambua mchele wa wageni.
Hiki? Kifungo cha shaba.
Hii? Sarafu yenye uso wa jenerali, imeliwa pua.
Hiki? Kijiwe tu, Eutimio.
Akakitazama kijiwe kwa muda mrefu.
Uduara wa pete, uzito wa pete.
Labda maji ndiyo yaliyokilainisha,
labda kilikuwa laini tangu kilipochaguliwa njiani,
kwa hasira iliyokwisha kupiga hesabu.

Samaki wazee wanahema ndani ya matangi ya plastiki.
Watoto wa shule wanawapa majina.
Taa za njia zimewaka mapema, Novemba hii,
na msimamizi anapuliza filimbi:
tokeni, kesho tunaosha sakafu.

Nilikuwa nimeandika: mia mbili na kumi na saba, kijiwe, hali —
nikainua macho.
Eutimio anapanda ngazi, ile ngazi,
mkono mmoja kwenye ukuta,
mwingine umezama mfukoni na hautoki.

Nimeufuta mstari.
Kutoka mia mbili na kumi na sita
orodha ya manispaa inaruka.